Mama Alipovuka Kamba

Mama hujipaka mafuta yale kila anaporudi kutoka kazini asubuhi. Ni mafuta ya mabondia, ya njano, katika chupa ndogo yenye picha ya ngumi, na huyanunua katika duka moja la Wathai nyuma ya soko la Walthamstow. Anasema yanamsaidia mabega, maana tangu alfajiri anasukuma mashine ya kusafisha sakafu za ofisi za watu. Yananuka mnanaa, kafuri na kitu kingine kikali kinachokaribia mafuta ya taa. Harufu inapanda ngazi, inapenya chini ya mlango wangu na kunikuta bado nimejifunika blanketi. Kuna watu ambao harufu kama hiyo huwakumbusha mafua na bibi zao. Mimi hunikumbusha damu, na kishindo cha goti la mtoto kwenye mbavu za mtoto mwenzake, na Mama yangu akiwa na kiatu mkononi.

Mimi si mtu wa maneno. Hata hapa London, nikiwa kwenye basi, naona afadhali kituo changu kipite kuliko kumwomba mtu anipishe. Lakini kwenye karatasi hakuna anayenitazama, kwa hiyo nitawaeleza ninyi, polepole, kama nilivyoona.

Kabla ya Uingereza tulikaa Bangkok. Tulikuwa watatu: Mama, kaka yangu Baraka aliyekuwa na miaka kumi na minne, na mimi niliyekuwa na tisa. Baba alikufa kwetu Uvira, Kongo, sokoni, siku ya vurugu, nilipokuwa bado mtoto wa mgongoni. Hayo tu ndiyo niliyoyajua, na sikuwahi kuuliza zaidi. Visa zetu zilikuwa zimekwisha zamani. Tulingoja kesi yetu ya ukimbizi isikilizwe, na katika kungoja huko hatukutakiwa kuonekana. Waliokamatwa walipelekwa mahabusu ya uhamiaji, ambayo watu wetu waliiita "Ndani", bila kuongeza neno. "Familia ya fulani iko Ndani." Ukisikia hivyo, hata mtoto aliyekuwa akicheza alinyamaza.

Uchochoro wetu ulikuwa chini ya barabara ya juu, ile iliyojengwa kwenye nguzo nene kama nyumba, na magari yalinguruma juu ya vichwa vyetu mchana kutwa. Chini yake palinuka pilipili iliyokaangwa, mfereji uliooza, na ubani uliofukizwa katika vijumba vidogo vya mizimu. Watu husema huo ni mji wa tabasamu. Ni kweli walitabasamu. Lakini hapo hapo nilimwona dereva wa pikipiki akimpasua mwenzake kichwa kwa chupa ya soda, wakigombea abiria mmoja mnene ambaye mwishowe alikwenda kwa miguu. Nikaona mbwa wa uchochoro wakimrarua mbwa mgeni, sisi watoto tukiwa tumepanda juu ya meza ya muuza tambi, na muuza tambi akitupiga miguu kwa mwiko ili tushuke.

Wiki zetu za kwanza, wavulana walimngoja Baraka kwenye bomba la maji. Walimwita "makaa". Yeye akawajibu kwa ngumi, wakamlaza chini na kumpiga mateke ya kiuno hata akakojoa damu. Aliyewatawanya alikuwa Mwalimu Chai, aliyefundisha klabu ya ngumi na mateke iliyokuwa mwisho wa uchochoro. Alimwinua Baraka kwa sikio, akamtazama kutoka juu hadi chini.

"Unapigana kama mtu anayefukuza kuku," akamwambia. "Kesho njoo."

Hivyo ndivyo tulivyoingia katika klabu ile, na baadaye katika chumba kilichokuwa nyuma yake. Chumba, klabu, na hata Mwalimu Chai mwenyewe, vyote vilikuwa mali ya mama yake, kikongwe mfupi aliyetafuna tambuu na kutema mate mekundu kwenye kopo. Watoto wote tulimwita Yai, yaani bibi. Polisi walipopita, Mwalimu Chai alisema, "Hawa ni watu wangu," Yai akawapa maji ya barafu, nao wakaenda zao. Klabu ile ndiyo ilikuwa karatasi yetu. Hatukuwa na nyingine.

Mama alilipa kodi kwa kufua. Bukta za mabondia, zenye rangi kali na nakshi za dhahabu, alizianika kwenye kamba chini ya barabara, zikawa kama bendera za nchi zisizojulikana. Siku moja aliona utepe mnene wa kamba iliyosukwa ukining'inia ukutani, umejaa jasho na vumbi la miaka. Akautia kwenye beseni moja na bukta, akaufua kwa sabuni nyingi. Kumbe ni taji la bondia, lililoombewa na watawa, ambalo huvaliwa kichwani tu na halishushwi hata kiunoni. Mwalimu Chai alipouona umeanikwa katikati ya nguo za ndani, akageuka rangi. Yai alicheka hata akashika mwimo wa mlango. Mama aliniuliza, "Anacheka nini huyu mwenye meno ya damu? Si nimeusafisha?"

Huo ndio ulikuwa mji wenyewe. Kichwa kilikuwa kitakatifu na mguu ulikuwa mchafu. Mdogo hakutakiwa kichwa chake kipite kichwa cha mkubwa. Ukipita mbele ya mzee aliyeketi, ulijikunja. Mimi sikupata shida. Niliupenda mji ule kwa sababu ulinipa ruhusa ya kuinama.

Na kulikuwa na sheria kubwa kuliko zote: mwanamke hagusi ulingo. Mabondia wenyewe huuingia kwa kuruka juu ya kamba, lakini mwanamke hata kidole chake kisifike. Akiugusa, nguvu zote zilizoombewa zinautoka, na watakaopigana humo watavunjika mifupa. Mimi, mtoto wa kike, nilifagia kuuzunguka kila asubuhi na sikuwahi kuugusa. Yai, ambaye alikuwa amenunua kila ubao na kila msumari wa ulingo ule, naye hakuwahi kuugusa.

Kwa hiyo Baraka alijifunza. Alipiga teke mfuko wa ngozi mpaka miundi yake ikafa ganzi, akaisugua kwa chupa tupu, akaipaka mafuta ya njano, akaanza tena. Mama alijua kwamba anafanya "mazoezi". Neno hilo lilimtosha, maana kijana mwenye mazoezi hazururi, na asiyezurura haendi Ndani.

Ikafika siku ya kuwaheshimu walimu. Kila mwaka siku hiyo klabu yetu iliandaa mapambano katika ulingo wake, na watu walitoka ng'ambo ya mfereji kuja kutazama. Baraka alipangwa na mvulana wa klabu ya huko, jina lake Lek, mwenye miaka kumi na mitatu na mwili kama waya. Ilikuwa Jumapili. Mama alikwenda kanisani, katika ghorofa la mbali walikosali Wakongomani, akijua kwamba atarudi jioni wakati kila kitu kimekwisha. Baraka ndiye aliyehesabu hivyo.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, pembeni ya Yai. Wapiga zumari, ngoma na matoazi walianza taratibu. Baraka na Lek wakazunguka ulingo wakicheza ile ngoma ya kuwashukuru walimu, kila mmoja na taji lake kichwani, wakipiga magoti, wakiinuka, wakipepea mikono kama ndege. Ilikuwa nzuri sana. Kisha walimu wakawavua mataji, kengele ikalia, na zumari likaanza kukimbia.

Sijui niwaelezeje watu ambao hawajaona watoto wakipigana kwa ujuzi. Si kama ugomvi wa shuleni. Hakuna kelele zao wenyewe, hakuna matusi. Teke linatua kwenye mbavu, pa, na watu mia wanaitikia "Oi!" Goti linaingia tumboni. "Oi!" Katika raundi ya tatu Lek alimpiga Baraka kiwiko juu ya jicho, ngozi ikafunguka kama mdomo, damu ikamjaa uso mpaka meno. Wanaume waliozunguka ulingo walisimama, vidole juu, wakipeana ishara za kamari, wakipiga mayowe. Baraka alikuwa akitabasamu. Mpaka leo anaapa kwamba alikuwa anashinda. "Alama zilikuwa zangu," husema, na kugusa kovu lake.

Wakati huo huo, mbali na pale, polisi walikuwa wameingia katika ghorofa la kanisa. Mchungaji alisikia sauti zao kwenye lifti, watu wakashuka mbio kwa ngazi za nyuma, kina mama wakiwaburuta watoto. Mama alikimbia. Kisigino cha kiatu chake kimoja kilikatika njiani, akavivua vyote viwili, kile kibovu akakitupa, kile kizima akakishika. Hivyo ndivyo alivyofika uchochoroni kwetu: kitenge cha Jumapili, miguu mitupu, roho mkononi pamoja na kiatu. Na alichokiona ni duara la wanaume wanaopiga kelele, na katikati yake mtoto wake anavuja damu.

"Banamuua!" Sauti yake ilipasua ngoma. "Banamuua mutoto yangu!"

Nilisimama juu ya ndoo. Nilitaka kupaza sauti nimwambie asifanye lile nililoona anakwenda kufanya, lakini sauti yangu, kama kawaida yake, haikutoka. Aliwasukuma wanaume kando kama mapazia. Akakamata kamba ya juu, akapandisha kitenge mapajani, akavuka. Hakupita chini ya kamba. Alivuka juu, kama bondia.

Mpiga zumari ndiye aliyemwona kwanza, zumari lake likatoa mlio wa bata aliyekanyagwa, likazimika. Lek aligeuka kuona kuna nini. Mama akampiga kisigino cha kiatu mdomoni. Jino liliruka, nililiona, jeupe, likaanguka juu ya turubai jekundu. Akampiga tena sikioni. Mvulana akaanguka, Mama akamwangukia, akaendelea kupiga. Mwamuzi alimshika mkono, Mama akamng'ata.

"Mama, acha!" Baraka alikuwa akilia sasa. "Mama, ni mchezo! Ni mchezo!"

Nilisikia magari juu yetu. Kisha ulimwengu ukapasuka. Chupa ya kwanza ilimpata Mama juu ya sikio. Wanaume walianza kupanda ulingoni, wengine kwa hasira ya mtoto, wengine kwa hasira ya ulingo, wengi kwa hasira ya kamari yao iliyoharibika. Mwalimu Chai na mabondia wake wakasimama mbele ya Mama na Baraka kama ukuta. Mtu alimvunjia Mwalimu kiti mgongoni. Niliona bondia mmoja wetu, ambaye kila siku alinigawia miwa, akimpiga mzee goti la uso. Mjomba wake Lek alikuwa na bomba la chuma, na alikuwa hamtazami mwingine ila Mama.

Yai aliinuka. Alichukua ndoo ya maji ya barafu, yale waliyonawia mabondia, yenye damu, akammwagia mjomba yule usoni. Kisha akatema tambuu yake na kupiga kelele neno moja ambalo hata sisi tulilijua vizuri: "Polisi!"

Kamari ilikuwa haramu. Uchochoro ulikauka kama nguo juani. Zikabaki kandambili tu, zimetapakaa. Neno lililotunyima usingizi miaka yote ndilo lililotuokoa siku hiyo.

Chumbani, Yai alimshona Mama kichwani kwa sindano aliyoipitisha motoni, akampaka mafuta ya njano shingoni na mabegani. Baraka alipiga ngumi mlango mpaka ubao ukachanika.

"Umenimaliza, Mama! Ulikuwa mchezo! Nilikuwa nashinda!"

"Watu wakikuzunguka wakipiga kelele vile," alisema Mama, "si mchezo."

Miaka mingi ilipita. Siku moja, hapa Walthamstow, basi letu lilisimama mbele ya duka la kuku wa kukaanga, na nje yake wavulana wawili wenye sare za shule walikuwa wakipigana, wenzao wamewazunguka na simu juu, wakishangilia. Mama alifumba macho. Na hapo, kwa sauti ya kawaida, akaniambia Baba alivyokufa. Walimzunguka sokoni. Walipiga kelele, na wengine walikuwa wakicheka. Mama alikuwa nyuma ya watu, mimi mgongoni mwake, na hakuvuka. "Nilikuwa na weye," alisema. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi nilikuwa nimefunikwa na kitenge juu ya kovu lile lilipokuwa likichanwa.

Lakini wakati ule sikujua. Nilijua tu kwamba kesho yake Mwalimu Chai alikuja mlangoni, mgongo umevimba, hakuingia. Alisema nami, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa Mama katika lugha yao. Mtawa atakuja kuutakasa ulingo. Klabu ya ng'ambo ya mfereji itakuja kushuhudia. Mama yako apige magoti mbele ya ulingo na maua, auombe radhi. Asipofanya hivyo, hakuna bondia atakayekanyaga hapa tena, nami siwezi kuwaweka. Aliinamisha kichwa aliposema hivyo.

"Mwambie hapana," alisema Mama. "Mimi napigia magoti Mungu peke yake."

"Mama, ni mbao tu," Baraka alisema.

"Kama ni mbao tu, kwa nini nizipigie magoti?"

"Kwa hiyo tutalala wapi?"

"Mungu anajua."

"Mungu anajua, Mama, lakini na polisi wanajua."

Alimzaba kofi. Kisha akamshika uso wote kwa mikono miwili, akabusu plasta iliyokuwa juu ya jicho lake. Baraka akaanza kupanga nguo zetu kwenye mfuko.

Asubuhi ya siku ya kuutakasa ulingo Mama, bila kubadili neno lake, alivaa kitenge kile kile, doa la damu likiwa limefuliwa lakini linaonekana. Yai alimtia mkononi shada la maua ya asumini. Watu walikuwa wamejaa. Mtawa alikaa juu ya kiti kirefu, na Lek alikuwa amejificha nyuma ya mwalimu wake, mdomo umevimba kama papai. Yai alimwendea mvulana yule, akamshika mabega, akamvuta mpaka kwenye nguzo ya ulingo. "Simama hapa," alimwambia. "Jua lisikuchome." Akamwacha hapo, mgongo wake umegusa mbao.

Mwalimu Chai akaniambia, "Mwambie aanze." Sikuhitaji kusema. Mama alikuwa amekwisha kumwona Lek. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwona hasa: mabega membamba, masikio makubwa, pengo. Alitembea moja kwa moja mpaka mbele yake, akapiga magoti kwenye saruji.

"Unisamehe, mutoto yangu," alisema. "Haikukuwa weye nilikuwa napiga."

Lek hakuelewa neno. Alichoelewa ni kwamba mtu mzima, mama wa mtu, yuko chini yake, na kichwa chake mwenyewe kiko juu, jambo ambalo huko mtoto hulaaniwa kwalo. Akaingiwa na hofu kuliko siku ya pambano. Akapiga magoti haraka, akaunganisha viganja. Mama naye alijua kwamba anayeomba msamaha ndiye anayepaswa kuwa chini. Akainamisha kichwa mpaka magotini mwa mvulana. Lek akashuka zaidi, viwiko chini. Mama akashuka. Lek akashuka. Mwishowe wote wawili walikuwa wamelala kifudifudi kwenye saruji yenye unyevu, shavu kwa shavu, maua katikati yao, wakitazamana kwa jicho moja moja. Na Lek, katikati ya uvimbe wake, akacheka. Pengo lilionekana. Mama akaweka kiganja juu ya shavu lake, akalia kwa sauti, kilio ambacho nilikuwa sijawahi kukisikia.

Yai alianza kucheka, akashika nguzo ya barabara. Mjomba mwenye bomba akatazama kando. Mtawa akanyunyiza maji, yakawaangukia wote wawili na ulingo pia, na Mwalimu Chai akatangaza kwa sauti kubwa.

"Amesema nini?" Mama aliniuliza, akijifuta.

Mwalimu alikuwa amesema: "Amesujudu mbele ya ulingo. Yamekwisha."

"Amesema yamekwisha," nikamjibu.

Tulikaa pale mpaka kibali cha kuja Uingereza kilipotoka. Mama bado huwaambia wenzake kanisani kwamba katika nchi ile yote hakuna aliyemfanya apigie magoti kitu cha mbao, na anasema kweli. Baraka bado anasema alikuwa anashinda.

Mimi nilikuwa na miaka karibu ishirini, nimesimama London mtaani, mvua, mafuta ya Mama yananuka mkononi kwa kuwa nilikuwa nimetoka kumkanda, nilipomkumbuka Yai akimvuta mtoto yule kwa mabega mpaka kwenye nguzo ya ulingo ili asichomwe na jua. Nikasimama pale pale, watu wakinipita. Maana nilifagia pale kila asubuhi, na chini ya barabara ile jua halikufika hata siku moja.